Kusanifu Programu ya Madirisha Mengi kwa Meza ya Mwendesha Mitambo

Mwendesha mitambo wa zamu ya usiku katika chumba cha kuongozea maji hapa Moshi hukaa mbele ya skrini nne kwa saa nyingi, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kutazama. Anatazama kina cha maji katika matangi yaliyo juu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, anatazama pampu za visimani, anajibu redio ya mawasiliano, na anaandika daftari la zamu. Huenda wiki kadhaa zikapita bila jambo lolote la kumshtua. Kisha usiku mmoja mambo matano yanatokea kwa pamoja ndani ya dakika tatu. Msanifu wa programu anayetaka kumsaidia mtu huyu anapaswa kuzifikiria dakika hizo tatu tangu siku ya kwanza ya kazi, kwa sababu madirisha yanayopendeza mchana, mitambo ikiwa imetulia, yanaweza kumpoteza mtu usiku.

Mwongozo huu nimewaandikia hasa vijana wanaopewa kazi za aina hii katika mamlaka za maji, viwanda na vituo vya kupozea umeme vya Arusha na Kilimanjaro. Mengine humu niliyajua kwa kusoma, na mengine niliyajua baada ya kukosea.

Gawa madirisha kwa maswali

Kosa la kwanza ambalo wasanifu wengi hulifanya ni kuchukua mchoro wa mhandisi na kuukata vipande: dirisha la kituo cha pampu cha kwanza, dirisha la kituo cha pili, dirisha la matangi, dirisha la bomba kuu. Mgawanyo huo unafuata mahali mitambo ilipojengwa, na kwa fundi anayekwenda kufungua pampu unafaa kabisa. Mwendesha mitambo, hata hivyo, hafikiri kwa majengo. Yeye anajiuliza: maji yanayoingia kwenye tanki yanalingana na yanayotoka? Tanki hili litafika asubuhi? Nikizima pampu hii, mtaa upi utakauka kwanza? Kila swali kati ya hayo linahitaji namba kutoka vituo viwili au vitatu, na kama namba hizo zimetawanywa katika madirisha tofauti, atakayezikusanya ni yeye mwenyewe, kichwani, saa tisa ya usiku.

Tarehe 23 Machi 2005, katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texas City nchini Marekani, mnara mmoja ulijazwa kupita kiasi wakati mtambo ulipokuwa ukiwashwa, na mlipuko uliofuata uliua watu 15 na kujeruhi wengine 180. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo uchovu wa wafanyakazi na vipimo vibovu, lakini wachunguzi walibainisha jambo moja linalotuhusu sisi moja kwa moja: kiasi cha mafuta kilichokuwa kikiingia kilionyeshwa katika skrini moja, na kiasi kilichokuwa kikitoka kilionyeshwa katika skrini nyingine. Hapakuwa na mahali ambapo namba hizo mbili zilisimama pamoja ili tofauti yake ionekane kwa jicho, na mafuta yaliingia kwenye mnara kwa zaidi ya saa 3 bila kutolewa.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Visima vingi vya Arusha vina maji yenye floridi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano ya Mlima Meru, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Njia mojawapo ya kushusha kiwango hicho ni kuchanganya maji ya kisima chenye floridi nyingi na maji ya chanzo chenye floridi kidogo. Anayesimamia mchanganyiko huo anahitaji dirisha moja lenye mambo manne: mtiririko wa chanzo cha kwanza, mtiririko wa chanzo cha pili, uwiano kati yake, na kipimo cha mwisho cha floridi pamoja na saa kilipochukuliwa. Ukimpa dirisha la kisima peke yake na dirisha la chemchemi peke yake, utakuwa umempa namba zote na kumnyima jibu.

Maswali haya hayapatikani ofisini kwa mkurugenzi. Omba ruhusa ukae zamu nzima, ya usiku ikiwezekana, na uandike kila mara mwendesha mitambo anapohama kutoka dirisha moja kwenda jingine na sababu ya kuhama. Tazama sana karatasi zilizobandikwa pembeni mwa skrini, kwa kuwa kila karatasi ni kazi ambayo programu ilishindwa kuifanya. Katika chumba kimoja nilikaa na mama mwenye uzoefu wa miaka mingi, ambaye alikuwa na daftari la shule lililopigwa mistari kwa rula, safu nne kila ukurasa. Kila nusu saa alifungua dirisha la chemchemi, akanakili namba, akalifunga, akafungua dirisha la tanki, akanakili namba, kisha akatoa kwa kikokotoo cha simu yake na kuandika jibu katika safu ya mwisho kwa kalamu nyekundu. Nilimwuliza, “Mama, kwani kompyuta haikuonyeshi?” Akanijibu bila kuinua macho, “Mwanangu, inanionyesha vyote, ila haiviweki pamoja.” Dirisha la kwanza tulilolichora upya lilikuwa ukurasa wa daftari lile, na safu ya mwisho tuliiacha iwe na maandishi makubwa kuliko nyingine zote.

Kila dirisha liwe na makao yake

Jicho lililochoka halisomi vichwa vya madirisha, linakwenda mahali. Mtu aliyezoea kwamba matangi yako juu kushoto atageukia juu kushoto hata kabla hajafikiri, na hiyo nusu sekunde ni mali yake. Programu ya kawaida ya ofisini humruhusu mtumiaji kufungua madirisha apendavyo, kuyaburuta, kuyapanga moja juu ya jingine na kuyafunga. Uhuru huo ukiuleta katika chumba cha kuongozea mitambo, kila zamu itamwachia inayofuata mpangilio wake, na mtu atakayeingia saa moja jioni atatumia robo saa kutafuta vitu vyake.

Ninachopendekeza ni kugawa eneo lote la skrini katika sehemu mbili. Sehemu ya kwanza, iliyo kubwa zaidi, ni ya kudumu: kuna dirisha la picha ya jumla, dirisha la tahadhari (yaani orodha ya ishara za hitilafu), na madirisha mawili au matatu ya maswali makuu, na hakuna hata moja linaloweza kusogezwa, kufungwa au kufunikwa. Sehemu ya pili ni ya kazi, kwa mfano skrini moja ya kulia kabisa, nayo iwe na vyumba vinne vilivyopangwa kama vigae, ambamo mwendesha mitambo anafungua grafu, ramani au maelezo ya kina. Akitaka dirisha la tano, anachagua mwenyewe ni chumba kipi kibadilishwe. Madirisha yasipandiane hata katika sehemu hii, kwa maana dirisha lililo chini ya jingine ni sawa na dirisha ambalo halipo, isipokuwa kwamba mtu anaamini lipo.

Picha ya jumla isionekane kuwa ni pambo la kuwaonyesha wageni. Baada ya mlipuko wa kiwanda cha mafuta cha Milford Haven, Wales, tarehe 24 Julai 1994, wachunguzi wa Uingereza waliandika kwamba michoro ya skrini haikuwapa waendesha mitambo picha ya jumla ya mtambo. Waliona sehemu moja moja na hawakuona uhusiano wake. Kwa hiyo picha hii ikae juu, katikati, ionekane kutoka kwenye viti vyote, na iwe na vitu vichache ambavyo mtu anaweza kuvikagua vyote kwa mtupo mmoja wa macho. Mhandisi atakuomba uongeze vali hii na kipimo kile, nawe umwonyeshe chumba cha maelezo ya kina na uyapeleke huko.

Kuna jambo la kiufundi ambalo hapa kwetu lina uzito wa pekee, nalo ni umeme. Umeme ukikatika na kurudi, skrini huamka kwa nyakati tofauti, na kompyuta inaweza kuzipa namba upya. Skrini iliyokuwa ya pili inakuwa ya nne, na madirisha yako yanaangukia pasipo mahali pake. Usihifadhi mpangilio kwa namba ya skrini. Kila skrini ina utambulisho wake wa ndani, ambao kompyuta huusoma kupitia kebo, wenye jina la mtengenezaji, modeli na kwa kawaida namba ya pekee. Hifadhi mpangilio kwa utambulisho huo. Nafasi na ukubwa wa dirisha uviandike kama sehemu ya upana na urefu wa skrini, ili skrini ikibadilishwa kwa nyingine yenye ubora tofauti mpangilio usivunjike. Kisha andaa orodha ya vipaumbele: skrini moja ikifa, programu ijue ni dirisha lipi la kazi litoe nafasi ili dirisha la kudumu lipate pa kukaa. Bila orodha hiyo, dirisha la tahadhari linaweza kubaki “limefunguliwa” kwenye skrini ambayo imezimika, na hakuna atakayelikumbuka.

Dirisha lisijitokeze lenyewe

Sheria hii naisisitiza kuliko zote kwa sababu niliivunja. Katika programu yangu ya kwanza ya aina hii, niliona ni jambo la msaada kwamba pampu ikibadilika hali, dirisha la grafu yake lijifungue lenyewe katikati ya skrini. Usiku mmoja pampu moja iliwaka na kuzimika mara nyingi kwa sababu ya swichi ya presha iliyolegea, na kila mara dirisha lilijifungua juu ya dirisha la tanki. Kijana wa zamu alilifunga, likarudi, akalifunga tena, na katika kulifunga huko hakuona kwamba tanki lililo chini yake limejaa na maji yanamwagika. Asubuhi wakazi wa jirani walikuta mashamba ya migomba yamefurika na njia imekatwa. Kijana yule ndiye aliyeandikiwa barua ya onyo, na mimi nilikwenda kueleza kwamba kosa lilikuwa la programu, jambo ambalo lilichukua muda mrefu kukubalika.

Tangu hapo sheria ni hii: kompyuta inaweza kubadilisha rangi, kuongeza mstari katika dirisha la tahadhari au kulia, lakini anayefungua dirisha ni mtu. Na kibodi vilevile ibaki kwake. Fikiria mtu anayeandika taarifa katika daftari la zamu, vidole viko kazini, na kisanduku cha kuuliza “Je, uwashe pampu?” kinatokea sekunde ileile anayobonyeza kitufe cha kumaliza mstari. Atakuwa amejibu swali ambalo hakulisoma. Kwa sababu hiyo visanduku vinavyozuia kila kitu mpaka vijibiwe visitumike kabisa katika meza hii.

Dirisha la amri, yaani lile la kuwasha, kuzima, kufungua na kufunga, lina masharti yake. Lifunguke kando ya alama iliyobofywa, katika skrini ileile, bila kuifunika alama yenyewe. Liwe moja tu kwa wakati mmoja katika meza nzima, maana mtu mwenye madirisha mawili ya pampu zinazofanana siku moja atazima isiyohusika. Juu yake liandikwe jina kamili la mtambo na kituo, kwa herufi kubwa za kutosha, na kitufe kisiandikwe “Sawa” wala “Ndiyo”, kiandikwe kitendo chenyewe: “Zima Pampu 3, Kituo cha Chini.” Amri itolewe kwa hatua mbili, kuchagua kisha kutekeleza, na dirisha lisipoguswa kwa dakika moja lijifunge bila kutuma chochote. Kama meza ziko mbili, mtambo uliochaguliwa na meza ya kwanza uonekane kwa meza ya pili kuwa umeshikwa, na ameushika nani.

Madirisha yote yaseme kitu kimoja

Hakuna kitu kinachovunja imani ya mwendesha mitambo haraka kama kuona tanki lilelile lina mita 3.2 katika dirisha moja na mita 3.4 katika jingine. Hali hiyo hutokea kila dirisha linapokwenda kuchota takwimu zake lenyewe kwa wakati wake. Weka ghala moja la takwimu ndani ya programu. Vituo viandike humo, madirisha yote yasome humo, na yachorwe upya kwa mpigo mmoja.

Kila takwimu iwe na umri. Vituo vyetu vya mlimani hutuma taarifa kwa redio au kwa mtandao wa simu, na wakati wa masika si ajabu kituo kikanyamaza kwa dakika kadhaa. Programu mbaya huendelea kuonyesha namba ya mwisho kana kwamba ni ya sasa. Namba ambayo haijahuishwa kwa muda unaozidi mara tatu ya kawaida yake ibadilike sura, ikwajuke na kupigwa mstari, na kando yake iandikwe “dakika 4 zilizopita”.

Pia tenganisha kilichoamriwa na kilichotokea. Katika ajali ya kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, tarehe 28 Machi 1979, taa iliyokuwa mbele ya waendesha mitambo ilionyesha kwamba vali imepewa amri ya kujifunga; vali yenyewe ilikuwa imekwama wazi, na maji ya kupozea kinu yalivuja kwa zaidi ya saa 2 kabla hawajatambua. Alama ya pampu katika programu yako iwe na hali tatu zinazotofautiana kwa umbo: amri imetumwa, mtambo umethibitisha, na mtambo haujathibitisha ndani ya muda uliotarajiwa. Hali ya tatu ndiyo inayosahauliwa na wasanifu, nayo ndiyo inayohitajika zaidi.

Jambo jingine ni programu yenyewe kufa kimyakimya. Tarehe 14 Agosti 2003, saa chache kabla ya giza lililowakumba watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada, mfumo wa tahadhari wa kampuni moja ya umeme huko Ohio ulikuwa umesimama, na waliokuwa zamu hawakujua kwa zaidi ya saa nzima. Skrini zao zilikuwa tulivu, wakaona mambo ni shwari. Endesha dirisha la tahadhari kama programu inayojitegemea, isiyoanguka pamoja na grafu, na weka programu nyingine ndogo ya ulinzi inayoiuliza kila sekunde chache kama ingali hai. Pembeni mwa kila dirisha la kudumu weka alama ndogo inayozunguka kwa nguvu ya takwimu zinazoingia kweli. Ikisimama, na sauti ilie kutoka kwenye kompyuta nyingine.

Kuhusu wingi wa tahadhari sitasema mengi, kwa kuwa ni somo zima peke yake. Kule Milford Haven watu wawili walipokea tahadhari 275 katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko. Mwongozo namba 191 wa EEMUA, chama cha Uingereza cha kampuni zinazotumia vifaa vya kihandisi, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1999, unachukulia wastani wa tahadhari moja kwa kila dakika 10 kuwa ndio ambao mtu anaweza kuumudu kwa utulivu. Ikiwa dirisha lako linahitaji kushushwa chini ili mistari yote ionekane, rudi kwa wahandisi mkapunguze tahadhari zenyewe kabla hujafikiria kulipanua dirisha.

Lugha, saa na rangi

Vitu viitwe kwa majina yanayotumika redioni. Mhandisi ameandika P-203 katika mchoro, lakini usiku fundi anasema “pampu ya mtoni”. Andika yote mawili, la fundi likiwa kubwa. Muda uwe wa saa 24 katika kila dirisha bila ubaguzi. Kwetu “saa mbili” inaweza kuwa asubuhi au usiku, na kwa kompyuta iliyopangwa kwa Kiingereza inaweza kuwa saa nane. Katika daftari la zamu nimewahi kuona tukio moja limeandikwa kwa nyakati tatu. Rangi ya nyuma iwe kijivu kisichoumiza macho, mitambo iliyo salama isiwe na rangi kali, na rangi nyekundu isitumike kwa kitu chochote kisichohitaji mkono wa mtu. Wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani, kwa hiyo rangi iambatane na umbo au neno.

Kujaribu kabla ya kukabidhi

Rekodi takwimu za usiku mmoja mgumu uliopita, kisha uzicheze upya katika programu mpya mbele ya waendesha mitambo wenyewe, huku ukihesabu ni mara ngapi wanabofya na ni muda gani unapita kabla hawajasema kwa sauti tatizo ni nini. Usiwasaidie wala usiwaelekeze. Wakiuliza “iko wapi?”, andika walichokitafuta na mahali walipotazama kwanza, kwa sababu pale walipotazama kwanza ndipo panapopaswa kuwa makao yake.

Siku inayofuata fanya jaribio la umeme. Zima swichi kuu ya meza, subiri, uwashe, na umwombe mtu wa zamu aliyekuwa nje ya chumba aingie na aonyeshe kwa kidole, bila kugusa kipanya, dirisha la tahadhari, tanki kubwa na pampu ya mtoni. Kisha chomoa kebo ya skrini moja, ile iliyobeba picha ya jumla, na upime kwa saa picha hiyo inachukua sekunde ngapi kuhamia kwenye skrini nyingine. Rudia kwa kila skrini, moja baada ya nyingine, na muda wa kila moja uuandike katika karatasi ya makabidhiano pamoja na jina la dirisha lililopisha.